Breki Laini za Vani ya Dada

Haya sikuhadithiwa na mtu. Yametokea kwenye ua ninaoishi, ua mmoja na dada yangu na mumewe. Cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo kinachopita uani nakiona hata nisipotaka.

Dada alikuwa akipeleka watoto shule, wanawe wawili pamoja na wa majirani. Asubuhi anawapakia kwenye vani ya dizeli ambayo umri wake ulikuwa hautajwi mbele yake, kisha anateremka nao mteremko mrefu hadi barabara kubwa. Chini ya mteremko ule kuna kona, na kwenye kona kuna ukuta wa mawe. Siku moja alirudi, akaizima vani uani, akabaki ameketi na mikono juu ya usukani. Alimwambia shemeji kwamba pedali ya breki imekuwa ngumu, kwamba pale kwenye kona ilibidi akanyage kwa miguu yote miwili huku watoto nyuma wakiimba. Shemeji aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo.

Shemeji ni fundi magari. Ni mtu wa maneno mengi na grisi hadi masikioni, na mimi humtania kwamba dada aliolewa na kopo la oili. Mchana ule aliingia chini ya usukani na kunieleza kila alichofanya, nitake nisitake. Unakanyaga breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa mpaka pedali iwe ngumu, unaacha mguu palepale, halafu unawasha. Mambo yakiwa sawa, pedali inazama kidogo yenyewe. Ya dada haikuzama. Akachomoa mpira unaotoka kwenye pampu ya kufyonza hewa, akauziba kwa kidole gumba, kidole kikang'ang'aniwa. Pampu ilikuwa inavuta hewa vizuri tu. Akaipuliza vali, kile kizibo cha plastiki kinachounga mpira huo na sevo, nayo ikapitisha upande mmoja kama inavyotakiwa. Basi ikabaki sevo yenyewe, lile bakuli jeusi la chuma mbele ya pedali. Hewa ikishafyonzwa humo ndani, ndipo mguu wa mwanamke mwembamba kama dada unapoweza kusimamisha gari zima. Mpira wake wa ndani ulikuwa umechanika.

Alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na nyingine huku anapiga mluzi. Mafundi wana tabia yao: hawaulizi gari lililotoa spea lilipatwa na nini, wanaijaribu spea tu. Hii aliikuta kwenye gari lililozama kwenye majani, halina viti, halina hata injini. Alipochomoa vali, sevo ilivuta hewa kwa mkoromo mrefu, kana kwamba gari lile limezimwa muda uleule.

"Miaka yote hiyo, na haijavuja," aliniambia.

Kwa fundi hiyo ni sifa. Akaifunga siku ileile, na breki zikawa laini ajabu. Dada alisema sasa anakanyaga kwa kidole kimoja.

Haukupita muda akaanza kukatika pumzi. Anasimama ghafla, anashika ukuta, midomo inampauka, halafu inaisha anaendelea na shughuli zake. Hospitali walimpiga picha ya kifua wakaona safi, daktari akamwambia apunguze mawazo. Mimi nilimwambia apunguze chumvi. Kila mtu alikuwa na lake la kushauri, na hakuna aliyejua kitu.

Jumamosi moja dada alikuwa jikoni anaosha vyombo, mlango uko wazi. Shemeji alikuwa ndani ya vani, injini inanguruma, anajaribu breki. Kutoka dirishani kwangu niliwaona wote wawili. Shemeji akakanyaga, dada akashika ukingo wa beseni. Akaachia, dada akaendelea kuosha. Akakanyaga tena. Sahani ikaanguka.

Niliacha kushona. Nilikwenda hadi kwenye dirisha la vani, nikamwambia kwa sauti ya chini akanyage mara moja tu, lakini amtazame mkewe. Alidhani namtania. Akakanyaga. Mguu wake ukaruka kutoka kwenye pedali kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Umeona?" nilimuuliza.

"Nimeona."

Alizima injini. Akafungua boneti. Akachomoa mpira kwenye sevo. Hewa ilitakiwa iingie mara moja, iishe. Haikuisha. Alinishika mkono, akakisogeza kiganja changu kwenye lile tundu. Lilivuta. Likapumzika. Likavuta. Shemeji akaliziba kwa kidole gumba.

Jikoni, dada alianguka.

Nilikimbia. Macho yake yalikuwa wazi, mdomo wazi, kifua hakipandi. Nilimpigia shemeji kelele amwachie. Alijibu kwamba hawezi, kwamba kidole kimeshikwa. Nilimwona anavuta kwa mkono wa pili, akakitoa, na ngozi ikabaki. Dada bado hakupumua. Nilimwita jina lake la utotoni. Hakupumua. Nikainua macho. Shemeji alikuwa ameinama ndani ya boneti, mdomo wake juu ya tundu. Mashavu yalikuwa yanazama. Yanazama zaidi.

Dada akavuta pumzi kwa kishindo, akaniuliza kwa nini yuko sakafuni.

Sijawahi kujiona si kitu kama siku zile. Shemeji alijaribu kuifungua sevo aitupe. Alipolegeza nati ya kwanza tu, dada akaketi chini na kushika kifua, naye akaikaza haraka. Aliiegesha vani, akasema ni mbovu. Usiku dada akawa anapumua kama mtu aliyelalia mto kwa uso. Kilichosaidia kilikuwa kimoja. Kila asubuhi, kabla dada hajatoka na watoto, shemeji anafungua boneti na kuinama, mdomo juu ya tundu.

Dada hakujua. Alidhani mumewe anaangalia oili, akawa anamsifu mbele ya majirani kwamba siku hizi analijali gari kuliko mke. Alinenepa. Alirudia kuimba jikoni. Na mumewe, yule wa maneno mengi, akawa anaongea kwa kukata, neno moja, anapumzika, neno jingine. Kuzunguka midomo yake kulikuwa na alama nyekundu ya duara, upana uleule wa tundu la sevo. Alimwambia mkewe ni barakoa anayovaa akipuliza rangi, na dada akaamini.

Nilimsihi amwambie mkewe ukweli.

"Akijua atakataa," alisema. Alipumzika. "Na akikataa, ndiyo basi."

Nikamwomba basi tupokezane. Alitikisa kichwa.

Wiki iliyopita kukakucha asubuhi ambayo hakuweza kuinuka kitandani. Alinitazama tu kutoka kwenye mto, na nilielewa anachoniomba. Dada alikuwa anawavalisha watoto. Nilikwenda kwenye vani, nikainua boneti, nikafungua kibano cha mpira kwa koleo. Niliogopa, lakini nilikuwa nimekata shauri. Nikainama. Humo ndani mtu alikohoa. Hakuwa dada, wala shemeji. Kilikuwa kikohozi cha mtu mzee anayejiandaa kusema.

Nilirudisha mpira, nikafunga boneti, nikaingia chumbani kwangu na kujifungia. Nilimsikia dada akiwapakia watoto. Nilishika kitasa nitoke nimzuie, nikakiachia. Vani ikawaka, ikatoka langoni, ikashika mteremko. Nilikaa sakafuni nikisubiri kelele za watu kutoka kule kwenye kona.

Zikaja sauti za kuku tu, na mlango wa jirani. Baadaye vani ikarudi, na dada akashuka anaimba. Alisema breki leo zimekuwa laini kuliko siku zote. Nililia kwa furaha, yeye akanicheka, akasema nimeanza uzee.

Mchana alikuwa akimwogesha kitinda mimba wake kwenye beseni uani. Mtoto yule hajafika hata kimo cha taa za vani. Boneti ile hawezi kuinyanyua, na kile kibano hata mimi nilikishinda kwa koleo.

"Hebu njoo umwone huyu," dada aliniita. "Amepaka nini mdomoni? Nasugua na sabuni, haitoki."

Nilikwenda nikaangalia. Ilikuwa duara nzima, nyekundu, na katikati yake midomo midogo iliyopauka. Nilimuuliza mtoto nani amemfanya vile. Alifungua mdomo anijibu, akapumzika kwanza.

Kwenye mlango shemeji alikuwa amesimama, ameshikilia fremu kwa mikono miwili.

"Sikumwonyesha," alininong'oneza. "Wallahi, sikumwonyesha."

Dada aliongeza sabuni, akaendelea kusugua.