Mstari wa Jina la Muhiddin

"Mwizi! Mwizi huyo!"

Mtaa mzima wa Mlandege uligeuka. Kijana wa fulana nyekundu alichomoka na mkoba wa Arwa, na Arwa nyuma yake, buibui la nakshi za fedha kalikusanya mkononi, kiatu kimoja kishamtoka. Mbele ya duka la fundi redio mbio zikaisha. Fundi Muhiddin hakuuliza swali. Alimtandika mwizi ngumi ya pua, damu ikaruka mpaka kwenye kioo cha duka, na watu wakamvamia kwa mateke.

"Basi, mtamuua!" Muhiddin alifoka, mwenyewe akipokea konde la mtu asiyemjua.

Arwa akafungua mkoba. "Lahaula! Waya wa maiki yangu umekatika! Ndiyo nnayowasikilizia pomboo chini ya maji."

"Pomboo nao wana redio?"

"Wana maneno mazuri kuliko wewe."

Ndivyo walivyoanza hao, na damu ya mtu chini ya miguu yao.

Muhiddin aliunga waya, akaitumbukiza maiki katika ndoo ya maji kuijaribu. Arwa akainama, udi wa nguo zake umelijaza duka, akaita: "Muhiddin!" Kwenye kompyuta ya mkononi ya Arwa, programu yake ya kurekodia pomboo ikaichora sauti kwa mstari. Ukapanda, ukajikunja, ukashuka.

"Ndiyo jina langu hilo?"

"Likitoka kinywani mwangu, ndivyo lilivyo."

Hapo tena! Simu asubuhi, simu mchana.

"Umekula, roho yangu?"

"Nshakula. Na pomboo wako?"

"Wanauliza posa inaletwa lini."

"Waambie nnakuja."

Siku moja, kompyuta ya Arwa ikiwa imeachwa dukani, Muhiddin akaichezea programu. Fundi redio havumilii mkwaruzo. Akaiamuru itupe kila kishindo, ibaki miluzi ya pomboo tu. Hakumwambia Arwa. Alitaka mpenzi wake ashtukie mwenyewe jinsi sauti zilivyosafika.

Mwezi haukwisha, pomboo na mwanawe wakaokotwa pwani ya kusini, damu imewakauka vichwani. Walipigwa baruti ya kuvulia samaki. Arwa akasikiliza rekodi zote, hakuna hata kishindo kimoja. Alipogundua programu imechezewa, na wavuvi walipomwambia kuwa mpiga baruti ni Simai, kaka yake Muhiddin, hakungoja. Kofi lilitangulia salamu.

"Umeiziba masikio umfiche nduguyo!"

"Wallahi sikujua kama anapiga baruti! Mimi nilikata kelele tu..."

"Kelele? Pale ndipo walipokuwa wakiuliwa!" Akanyakua redio ya mteja, akaibamiza sakafuni. "Usinipigie tena. Posa yako mpelekee Simai."

Muhiddin alilia mlango umefungwa. Asubuhi yake akateremka kusini, akaiwahi boti ya Simai ikiondoka, akarukia ndani. Mbele pomboo walikuwa wakiibuka, dalili ya samaki chini. Simai akawasha utambi wa chupa ya baruti.

"Zima, kaka!"

"Umetumwa na yule mwanamke wa mjini?"

Wakashikana. Simai akampasua mdomo kwa kiwiko. Muhiddin akamng'ata mkono mpaka mfupa. Boti ikapinduka. Chupa ikaangukia majini upande wa Simai, na bahari ikapasuka.

Arwa alikuwa kwenye boti ya utafiti, hayuko mbali, programu kashairudisha ilivyokuwa. Mstari wa kishindo ulijaza kioo kizima cha kompyuta.

"Nahodha, washa mashine!"

Walimkuta Simai anaelea, kifua kimepasuka, alama za meno mkononi, kashakufa; Arwa akafahamu kuwa ndugu walikuwa wakipigana. Muhiddin alikuwa amekumbatia ubao, damu ikimchirizika masikioni.

"Muhiddin! Nisamehe, kipenzi!"

Muhiddin alimtazama mdomo tu. Hakusikia kitu, na madaktari walisema hatasikia tena.

Hospitali, Muhiddin alizungumza kwa sauti ya juu, maana hakujisikia. Wadi nzima ikageuka.

"Arwa! Nimempoteza kaka, na masikio sina. Fundi redio kiziwi nani atamtaka? Bado unanitaka? Nikuoe?"

Arwa alikubali kwa kichwa, machozi yanamlowesha mtandio. Ishara ile haikumtosha Arwa. Akaomba beseni la maji, akawasha kompyuta, akaitumbukiza maiki, akainama, akaita kwa nguvu zake zote. Mstari ukapanda, ukajikunja, ukashuka.

Muhiddin akauwekea kidole, akaufuata polepole mpaka mwisho wake.

"Naam," akaitikia.