Majivu Kwenye Kioo cha Darubini

Jumamosi, tarehe 12 Julai 2025. Sumbawanga iliamka na baridi kali na upepo, lakini anga lilikuwa safi, halina wingu hata moja. Otilia wa darasa la sita alifagia uwanja, akachota majivu jikoni, akaanza kusugua sufuria kama kawaida.

Mama yake, Rhoda, alikuwa sokoni akiuza ulezi. Jioni angeshiriki mashindano ya watu wazima wapenda nyota wasio wataalamu. Washindi wawili wangepelekwa kusomea elimu ya anga. Rhoda aliishia darasa la saba. Nafasi hii aliiombea hadi kwa kufunga.

Mezani palikuwa na darubini ambayo Rhoda aliazimwa na Mwalimu Zephania, aliyemfundisha masomo ya jioni. Ndalahwa, mfugaji aliyehamia hapo kutoka mbali, aliwaletea dumu la maziwa, akaichungulia akacheka. "Binti, mama yako anatafuta ng'ombe huko juu? Mwambie wangu wamepotea wawili!"

Alipoondoka, Otilia aliona vumbi kwenye kioo cha mbele. Akataka kumfurahisha mama. Akachukua majivu, akakisugua kama sufuria. Kioo kikajaa mikwaruzo, kikawa kama jicho la mzee lenye ukungu. Akakifunika upesi.

Mama alirudi, akakifunua. "Ee Bwana! Nani kagusa hii?"

"Ndalahwa aliichungulia, mama."

Ndalahwa aliporudi kuchukua dumu lake, Rhoda alimfokea, "Umeniua! Maziwa yako sitaki tena!"

"Mama Otilia, haki ya Mungu, nilichungulia tu."

"Hawa wa kuja ndivyo walivyo," jirani mmoja alisema. Ndalahwa akainamisha kichwa, akaondoka bila dumu.

"Kwa mwalimu siendi mpaka huyo akiri," Rhoda alisema, akaingia chumbani. Otilia alimsikia akiomba huku analia. Naye akapiga magoti, lakini hakuweza kuomba. Angesemaje na Mungu, na mtu asiye na kosa amefukuzwa? Akainuka, akasukuma mlango wa chumba.

"Mama, ni mimi. Nilisugua kwa majivu."

Rhoda alimtazama. Kisha akajifunga khanga. "Twende kwa mwalimu. Sasa hivi."

Mwalimu Zephania aliigeuza darubini, akatikisa kichwa. "Hiki kioo basi tena. Majivu yana chembe ngumu, yanakwaruza. Lakini mmewahi. Kwenye mashindano liko pia kundi la wanaotazama kwa macho matupu, na majina yanafungwa saa kumi. Mngekuja jioni, wasingekupokea."

Kutoka hapo walikwenda kwa Ndalahwa. Rhoda alimwomba radhi, akamkaribisha kwenye uwanja wa mashindano.

Giza lilipoingia, Rhoda alisimama mbele ya waamuzi. Akaonyesha Msalaba wa Kusini, kisha Nge na nyota yake nyekundu, kisha sayari ya Mirihi magharibi. Alishika nafasi ya pili kati ya washiriki wote, akawa mmoja wa wawili watakaokwenda kusoma. Alilia tena, safari hii akimshukuru Mungu.

Mwalimu Zephania alimwita Otilia. "Mwanangu, kuharibu kwa kutojua si dhambi. Ubaya ni kumwacha mwenzako abebe kosa lako. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Otilia akamgeukia Ndalahwa. Majirani waliokuja kutazama mashindano walikuwa wamesimama pale pale.

"Shikamoo, baba. Nilikusingizia, nisamehe. Mbele ya mama, mwalimu na ninyi nyote, naahidi: nikikosea, nitasema mwenyewe, kabla mtu mwingine hajaulizwa."