Mwenye Shimo

Harufu ndiyo iliyotangulia. Udongo mbichi, majani yaliyooza, na kitu kama kutu. Daktari Ngendo aliinusa kwenye taulo, kisha kwenye mto, halafu kwenye mkate. Akafungua madirisha yote ya nyumba aliyopanga Gatongora, vumbi la barabara likaingia, harufu isitoke.

Aliijua. Alikuwa ametoka misitu ya Kongo, alikoishi na wachimba dhahabu wasio na leseni. Ndio utafiti aliokuwa akiufanya tangu apate udaktari wake wa anthropolojia. Kule aliingia shimoni pamoja nao, akatambaa kwa tumbo gizani. Walimwonya kwamba shimo lina mwenyewe. Humwita mtu kwa sauti ya yule anayemwamini, na ukiitika, umekuwa wake. Ngendo aliyasikiliza hayo kama alivyosikiliza imani nyingine nyingi, akarudi nyumbani.

Alasiri moja alikuwa mezani akiandika aliposikia kugongwa. Ko, ko, ko.

"Ngendo, nifungulie."

Ilikuwa sauti ya mama yake, Beth, anayekaa Kalimoni.

"Nakuja, Mami!"

Alikuwa amekwisha kuinuka alipong'amua kwamba sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka chini ya vigae, karibu na miguu yake.

Akauvuta mlango. Nje hapakuwa na kibaraza wala geti. Palikuwa na udongo mwekundu tu, umejaa toka kizingiti hadi juu, una alama za sululu. Akageukia dirisha, akaona vioo vikizibwa taratibu kuanzia chini, mwanga ukipungua, simu haina netiweki, hewa ikizidi kuwa nzito kifuani, akapiga mayowe mpaka koo likakauka, na kila yowe likamrudia mdomoni kana kwamba amefunikwa blanketi.

Jirani yake Wamalwa aliyasikia. Alifika akakuta mlango wazi na nyumba tupu, akampigia Beth simu, naye akaja mbio. Hayo Ngendo aliambiwa baadaye. Wakati ule alichosikia ni nyayo zikitembea juu ya kichwa chake.

"Mathe, nimemsikia humu humu ndani, haki ya Mungu," Wamalwa alikuwa akimwambia Beth huko juu. "Lakini sioni mtu."

"Ngendo," ikanong'ona sauti nyingine sikioni mwake, sauti ile ile ya mama. "Niko hapa. Nishike."

Mkono wa baridi ukamgusa kiganja. Gizani, peke yake, pumzi zikiisha, Ngendo aliutamani mkono ule kuliko kitu chochote duniani, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuufumbata aliposikia huko juu kilio kimepasuka:

"Maitu! Maitu, uko wapi?"

Ngendo alipewa jina la nyanya yake, aliyemzaa Beth. Tangu azaliwe, Beth hajawahi kumwita Ngendo. Humwita maitu, mama yangu.

Akauchomoa mkono wake, akapanda juu ya meza, akaanza kuuparura udongo uliokuwa sasa umechukua nafasi ya dari. "Mami! Niko huku chini!"

Beth akapiga magoti juu ya vigae, akaomba kwa jina la Yesu, akaita, akaomba, akaita tena bila kuvuta pumzi, huku kitu kikimshika Ngendo kifundo cha mguu na kuvuta, naye akizidi kuparura, kucha zikivunjika, mpaka jua likamchoma machoni. Alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, mdomo umejaa udongo.

"Hatulali hapa," Beth alisema.

Jioni hiyo hiyo walienda Kalimoni.

Wiki iliyofuata walikuwa shambani wakichuma sukuma wiki Wamalwa alipopiga simu.

"Daktari, umerudi saa ngapi? Na mbona umejifungia chumbani?"

"Sijarudi. Niko kwa Mami."

"Si umeniita sasa hivi? Umesema nikuje nikufungulie."

"Wamalwa, usiitike! Toka hapo!"

"Nimeshaitika," alisema, kwa sauti ndogo kama ya mtoto. "Niko sitting room kwako. Daktari, huu udongo mlangoni umetoka wapi?"

Simu ikakatika.