Usiku Tisa wa Mzee Hamdun

Mlango haukuvunjwa, dirisha halikuguswa, na bado Mzee Hamdun alikuwa ameibiwa usiku tisa.

"Usiku?" Inspekta Okullo aliinua kalamu. "Mzee, usiku unaibwaje?"

Hamdun, muuza vitambaa wa Bukoto, alimsukumia simu yake mezani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akienda Nairobi, Dubai na Guangzhou kufuata mali, na kila mara alilala katika hoteli za Zafiri, ambazo ziko karibu kila mji mkubwa. Kila alipolala alipewa pointi. Pointi zikitosha, mtu hulala bure. Yeye hakuwahi kutumia hata moja.

"Ni za mke wangu hizo," alisema. "Nilimwahidi Istanbul, siku kumi, hoteli ya katikati ya mji. Kwa mfuko wangu, hoteli ile ningeishia kuitazama kwa nje. Jana nakwenda kuweka chumba, naambiwa zimebaki za usiku mmoja. Tisa zimeliwa hapa hapa Kampala!"

Mzee mzima alikuwa analengwa na machozi. Okullo alimwonea huruma, na huruma ile ikampa haraka. Hapo ndipo alipoharibu.

Kabla ya saa sita alikuwa Zafiri ya Naguru, mlimani juu ya Bukoto. Rekodi zilionyesha usiku tisa katika miezi mitano, na mgeni mmoja tu, Julienne. Aliyempokea kila mara alikuwa Victoire wa mapokezi, mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo.

"Julienne ni nani?"

"Ni jina la mama yangu, afande."

"Yuko wapi?"

"Alikufa. Kule kwetu."

"Marehemu analala hotelini?"

Victoire aliinamisha kichwa.

"Nani alilala chumba kile?"

"Niliapa sitasema. Lakini sikuiba, afande. Haki ya Mungu, sikuiba." Alishika rozari iliyokuwa shingoni. "Usimwambie bosi kama mimi ni mwizi. Niko na wadogo wangu wawili, wanakula kwa kazi hii."

Okullo alimtia pingu pale pale, wageni wakitazama, akamwambia meneja, "Mwizi wako huyu hapa." Maneno manne tu. Laiti angeyameza!

Asubuhi iliyofuata alirudi kukamilisha jalada. Alimkuta Nusura, msafishaji wa vyumba, mwanamke wa maneno mengi.

"Mgeni wa chumba kile alikuwaje?"

"Sijawahi kumwona. Anaingia nimeshatoka, anaondoka sijafika. Lakini afande, kitanda halalii! Shuka naikuta nilivyoitandika. Kiti nakikuta dirishani. Na chooni lazima nikute jagi la maji."

"Jagi la nini?"

Nusura akacheka. "La kujisafishia. Sisi Waislamu karatasi peke yake haitutoshi. Na mapazia yananuka udi siku mbili."

Okullo alikumbuka ile rozari: Victoire hakuwa Mwislamu. Akazifungua tena rekodi, safari hii polepole. Vyumba vyote tisa viliwekwa siku ya Ijumaa, kati ya saa saba na saa nane mchana, siku kadhaa kabla mgeni hajafika. Kila kimoja kilithibitishwa kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya Hamdun mwenyewe.

Aliteremka Bukoto. Hamdun alimpokea barazani.

"Mzee, Ijumaa saa saba simu yako huwa wapi?"

"Nyumbani. Iliwahi kulia katikati ya hotuba ya swala, nikaaibika msikiti mzima. Tangu siku hiyo namwachia mke..."

Hakumaliza. Kutoka ndani harufu ya udi ilikuwa ikiwajia.

Mkewe, Bi Mahfudha, alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu imemvimba.

"Mama, samahani," alisema Okullo. "Victoire wa Zafiri yuko mahabusu tangu jana."

"Victoire? Kwa kosa gani?"

"La kuiba pointi za mzee."

"Yarabi!" Mahfudha alijishika kifua. "Mwacheni yule mtoto. Ni mimi. Alipofika kutoka Kongo alilala kwangu miezi mitatu. Nilimwomba aandike jina lolote ila langu, nikamwapisha. Namba za siri nilizisoma kwenye simu ya mzee, kisha nikazifuta."

"Mahfudha!" Hamdun aliketi chini. "Si zilikuwa zako? Istanbul..."

"Istanbul siendi, baba. Daktari wa hospitali ya Mulago aliniambia mwezi wa Ramadhani kwamba moyo umechoka, ndege nisipande tena."

"Ukaninyamazia?"

"Ningekwambiaje? Kila ukirudi safari unaitaja Istanbul kama mtoto anayengoja Iddi. Ulimi ukanigomea."

"Na kwa nini hotelini, mama?" Okullo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Miaka kumi na tisa nasikia habari za vyumba vya Zafiri. Pointi zile ni usiku ambao mzee hakuwa nami, mwanangu. Nilitaka kujua alikuwa wapi. Yeye akilala Guangzhou, mimi nilikwenda Zafiri."

Hamdun alifuta mashtaka siku hiyo hiyo. Okullo alipitia kwanza hotelini kumwombea Victoire kazi yake. Mapokezi alikuta tayari ameketi msichana mwingine.

"Wageni walimwona na pingu, Inspekta," alisema meneja. "Na sikumtia mimi. Ulimtia wewe."

Okullo aliondoka. Alirudi kituoni, akamfungulia Victoire kwa mkono wake, akamwambia ukweli wote, hata kwamba kazi ameikosa. Alimwomba radhi.

"Mama Mahfudha amesema mwenyewe?" Victoire aliuliza.

"Mwenyewe."

"Basi sikuvunja kiapo." Alijifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake.

Kwenye kaunta ya kituo, Hamdun alikuwa anangoja, simu mkononi. Alimwomba Victoire msamaha akarudia tena na tena, kisha akasema, "Binti yangu, umebaki usiku mmoja. Nataka nimpeleke Mahfudha leo, tuwe wawili. Niambie, kule alikuwa akilala vizuri?"

Victoire alitaka kumdanganya, ikamshinda.

"Alikuwa halali, mzee. Alikuwa anakaa dirishani mpaka asubuhi, anaangalia Bukoto, nyumba yenu."

"Nyumba tupu? Akiangalia nini?"

"Nilimuuliza. Alisema anangoja urudi, uwashe taa."