Vitambaa kwenye Makochi ya Maroa

Kwenye marundo ya mitumba sokoni Migori, mwaka wa 1996, watu wawili walishika koti moja la kijivu kwa wakati mmoja. Mmoja alishika kola, mwingine upindo. Hakuna aliyeachilia.

"Dada, hili ni la mwanamume," alisema aliyeshika kola, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vyenye vumbi.

"Koti chukua. Mimi nataka bitana yake."

"Bitana ndiyo nini?"

Msichana aligeuza koti. Ndani mlikuwa na kitambaa laini cha zambarau kinachong'aa. "Hii hapa. Imefichwa humu kama imefanya makosa."

"Na mimi nibaki na koti tupu?"

"Nitakushonea bitana ya kitenge. Ukilifungua, watu watadhani linacheka."

Kijana alimtazama upya. Gauni lake la bluu lilikuwa na mkono mmoja wa maua na mwingine wa mistari.

"Fundi wako aliishiwa na kitambaa?"

"Fundi ni mimi, na sikuishiwa na kitu."

Kijana aliitwa Maroa. Alikuwa mkaguzi wa majani ya tumbaku huko Kehancha. Msichana, Phelesia, binti wa Uriri, alisomea ubunifu wa mavazi katika chuo kimoja cha ufundi mjini Homa Bay. Koti lilirudi kwa mwenyewe likiwa na bitana ya kitenge cha manjano, na Maroa akalivaa hata siku za joto.

Baada ya hapo alikuwa akipiga simu kutoka kibanda cha posta. Simu ililia ofisini chuoni, na Terry, rafiki wa Phelesia, alimwita kwa sauti iliyosikika hadi jikoni.

"Jaber, mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula uzi. Wewe je?"

"Nimekula vumbi la tumbaku. Njoo unipikie."

"Mimi nasoma kushona, Maroa. Wa kupika ni darasa la jirani. Nikuitie mmoja?"

"Usiniitie mtu, mpenzi."

Mtihani wa mwisho ulitaka seti ya vitambaa vya makochi vilivyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa, pamoja na picha ya seti hiyo ikiwa kwenye nyumba halisi. Phelesia alichukua magunia ya pamba ya unga wa ngano, akayachemsha hadi maandishi yakatoka. Kisha akakata samaki kutoka bitana za makoti ya mitumba na kuwashonea juu yake kwa mkono. Samaki wa zambarau, wa kijani, wa dhahabu. Kila mmoja alitazama upande wake.

Kwao Uriri kulikuwa na mabenchi ya mbao tu. Maroa alikuwa na makochi mapya. Basi Phelesia akasafiri hadi Kehancha na kutandika vitambaa mwenyewe, akivuta kila pembe ikae sawa. Lakini mawingu yalikuwa yamefunga na chumba kikawa na giza.

"Usijali," Maroa alisema. "Nimeazima kamera. Kesho jua likiingia dirishani nitapiga, halafu nikuletee picha na vitambaa pamoja."

Phelesia alirudi Homa Bay. Hapo ndipo wote wawili walipokosea. Katika sehemu hizo, makochi ya kijana ambaye hajaoa hukaa tupu, au huvaa vitambaa alivyoshona mama yake. Vitambaa vipya vya mkono mwingine vina maana moja tu, na kila mtu anaijua. Wao walikuwa wakifikiria mwanga.

Asubuhi mama yake Maroa alifika na maziwa. Aliona samaki. Akaweka kibuyu chini, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje.

Habari zilifika Uriri kabla ya picha kufika Homa Bay. Baba yake Phelesia, Mzee Simeon, alipiga simu chuoni.

"Nasikia umeolewa Ukuria, huko Kehancha."

"Baba, sijaolewa."

"Umetandika nyumba ya mtu. Mimi baba yako naambiwa na wauza vitunguu! Sawa. Mwanamke aliyeolewa husomeshwa na mume wake. Rudi uchukue vitu vyako."

Jioni Maroa naye akapiga, sauti yake imejaa furaha.

"Jaber, mama amekupenda kabla hajakuona!"

"Alikuuliza kama nimeolewa nawe?"

"Aliuliza."

"Ukasema nini?"

Maroa alitumbukiza sarafu nyingine kwenye simu.

"Maroa, ulisema nini?"

"Nilinyamaza tu. Alikuwa na furaha sana, ningemwambiaje?"

"Ungemwambia hapana. Ni neno fupi." Akakata simu.

Kesho yake alikuwa Kehancha, amevaa gauni lake la mikono miwili tofauti. Sebuleni alikuta shangazi za Maroa wamejaa makochini, vikombe mkononi. Mama Maroa alinyanyuka kumkumbatia.

"Karibu mwanangu! Karibu kwako!"

"Shikamoo mama. Asante, lakini hapa si kwangu." Akamgeukia shangazi aliyekuwa karibu. "Mama, samahani, inuka kidogo."

Shangazi aliinuka akidhani anapewa mahali pazuri zaidi. Phelesia akavuta kitambaa, akakikunja. Akasogea kwa wa pili. "Na wewe mama, tafadhali."

"Haki ya Mungu!" wa tatu alisema, aking'ang'ania. "Bibi harusi anatuvua?"

"Mimi ni mwanafunzi, mama. Hivi ni mtihani wangu."

"Mtihani wa kukalia?" mwingine aliuliza, na wawili wakacheka. Mama Maroa hakucheka. Alimtazama mwanawe aliyesimama mlangoni.

"Maroa, huyu ni mke wako au si mke wako?"

Maroa aliinama kupanga viatu vya wageni mlangoni. Kwenye kitambaa cha mwisho palikuwa na doa la chai, pana kama kiganja. Phelesia alilitazama, akalikunjia ndani.

"Umenyamaza tena," alimwambia Maroa alipompita mlangoni.

Siku ya mtihani alitandika vitambaa kwenye viti vya chuo. Doa lilibaki. Alikuwa amelifua mara nyingi, na hakutaka kulifunika kwa samaki wa haraka haraka.

"Doa nitalikatia alama," alisema Madam Mong'ina, mtahini. "Na picha?"

"Sina, Madam."

"Bila picha sehemu hiyo ni sufuri, na ukipata sufuri hapo umeanguka."

"Najua. Lakini sitasema uongo kwamba ilipotea."

Mlango uligongwa. Maroa aliingia na bahasha, koti mkononi. Hakumwangalia Phelesia. Alimpa mtahini picha alizopiga Kehancha kabla vitambaa havijatolewa.

Zilionyesha shangazi wanne kwenye makochi, vikombe mkononi, midomo wazi kwa kicheko, na samaki wakichungulia nyuma ya mabega yao. Madam Mong'ina alizitazama kwa muda.

"Nyumba halisi," alisema hatimaye, akaandika. "Umepita."

Nje, Phelesia alisimama mbali naye hatua kadhaa.

"Picha hazitoshi, Maroa."

"Najua. Nilimwambia mama mbele ya shangazi wote kwamba si mke wangu, na kwamba nilinyamaza kwa woga. Halafu nikaenda Uriri kumwambia baba yako hivyo hivyo. Alinifokea sana. Amesema umalize masomo."

"Na mama yako?"

"Hasemi nami. Anaweka chakula na kuondoka."

Phelesia alifikiri. "Hilo litachukua muda."

"Najua. Naweza kukuuliza wewe sasa? Wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine?"

"Uliza."

Akauliza.

"Nakubali," Phelesia alisema. "Lakini kwanza nifungue duka langu Migori. Siku ya kuolewa nitaitaja mimi. Kabla ya hapo, mtu akikuuliza?"

"Nitajibu."

Waliteremka sokoni, kwa wauza omena, dagaa wa ziwani. Mama mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye karai lake.

"Omera, ndugu yangu! Huyu mrembo ni bibi yako?"

"Bado!" Maroa alijibu, kwa sauti iliyofanya safu nzima igeuke. "Bado, mama! Bado anafikiria!"

Wauza samaki walipasuka kicheko. Phelesia hakucheka, lakini alimshika mkono mbele yao wote, wakapita katikati ya soko polepole.