Abee, Bibi

Nanasi la mwisho lilipakiwa jua limeshagusa miti. Nikasema moyoni, tumechelewa.

Tulikuwa watatu shambani Kiwangwa: mimi, mjukuu wangu Yasmini, na Shuaibu, mtu mzima wa kwetu Dunda mwenye bajaji ya mizigo. Yasmini alikuwa akiuza juisi. Siku ile alikuwa amepata kazi yake kubwa ya kwanza, juisi ya harusi, akaniomba nimsindikize. Biashara ya kusafiri naijua. Miaka thelathini nimehangaika na korosho, ukili wa mikeka na vitunguu, nikilala kwenye nyumba za watu.

Njia nzima ya kwenda nilikuwa namfundisha, kwa maneno ya wenyewe walionifundisha mimi. Marehemu mume wangu Kibwana alikuwa akisema, "Mke wangu, pesa zigawe mahali pawili, na hapo pa pili usiniambie hata mimi." Shangazi yangu Mwanaasha akisema, "Toka alfajiri, geuza alasiri, soga utapiga nyumbani." Na maji yako mwenyewe. Na nauli uipatane hujapanda. Na mtu mmoja nyumbani ajue umekwenda kwa nani.

"Bibi, si uandike kitabu!"

"Nikiandike saa ngapi? Sikiliza, we mtoto."

Yote nilimwambia. Moja sikumwambia. La mama'angu mzazi. "Mwanamkasi, ukiwa njiani ukiitwa, usiitike mpaka uuone mdomo wa anayekuita."

Niliona haya. Yasmini nilimlea mimi baada ya mama'ake kufariki, na adabu ya kwanza niliyomfundisha ni kuitika. Mtoto wa kike akiitwa na mkubwa wake aseme abee, tena upesi, tena aje. Akichelewa, nilimfinya. Dunda wakawa wanamsifu, mjukuu wa Bi Mwanamkasi haitwi mara mbili.

Sasa nimwambie nini? Asiitike?

Tulikuwa bado hatujaifikia lami niliposikia adhana ya mbali.

"Shuaibu, simama niswali Magharibi."

"Bibi, msafiri ana ruhusa ya kuchelewesha."

"Kiwangwa nayo safari? Simama."

Akapunguza mwendo. Akanong'ona, "Hapa si pa kusimama, bibi."

"Pana nini?"

Akazima injini.

Kimya kikatuangukia. Hata nyenje hakulia. Mananasi huku, mananasi kule, na katikati harufu... udi. Udi uliochomwa, kisha ukamwagiwa maji.

Nilikwenda upande wa pili wa bajaji, mzigo ukanikinga nao wasinione. Nikatandika khanga. Nikaingia kwenye sala.

Rakaa ya kwanza, salama.

Ya pili, nikamsikia Yasmini. Sauti ya furaha kabisa.

"Abee, bibi!"

Sikuwa nimemwita.

"Nakuja, bibi!"

Kisha hatua. Kisha majani ya nanasi yanakwaruza nguo. Shwaa... shwaa... yanakwenda mbali.

Mtoto akizama maji, sala unaikata. Hilo najua, na Mungu anajua kuwa najua. Lakini nikajiambia labda wanataniana na Shuaibu. Nikajiambia, imebaki rakaa moja.

Rakaa moja.

Nikatoa salamu kuliani, tairi la bajaji. Nikatoa kushotoni, giza linaingia njiani. Nilipozunguka, kiti cha Yasmini kitupu. Chini, kandambili moja.

"Shuaibu, mtoto yuko wapi?"

Akanitazama kama mtu aliyeona maiti inakaa.

"Si umemwita wewe?" Akanyoosha kidole shambani. "Kule. Sauti yako, bibi. Nikashangaa umefika kule saa ngapi."

Nikaita. "Yasmini!"

Kimya. Mara ya kwanza tangu azaliwe. Nikaita tena, na tena, huku naparamia ile miiba. Tulimkuta ndani, amesimama, miguu inachuruzika damu, anatabasamu mbele ya patupu.

"Bibi," akaniambia bila kugeuka, "si umesema nisimame hapa?"

Tukarudi naye. Juisi ya harusi hakuitengeneza, mananasi yakaozea uani. Kesho yake Magharibi nilikuwa nimekaa naye jikoni namenya muhogo, magoti yetu yamegusana. Akainua kichwa kuelekea mlangoni.

"Abee, bibi."

Kisu kikanitoka mkononi.

Nikampeleka Mkange, kwa Mzee Mwinjuma, anayetibu kwa kitabu. Akamtazama kidogo tu. Akanisogeza pembeni.

"Aliitika?"

"Aliitika."

"Mara ngapi?"

"Shambani moja, kisha akasema anakuja. Na jikoni tena."

Akakifunga kitabu. "Nani alimwita, sikwambii, maana sijui. Najua kwa kule kuitikiwa amepewa ruhusa. Kila Magharibi umwite wewe kwanza, kabla yake. Akikuitika wewe, siku hiyo imepita."

"Mpaka lini, mzee wangu?"

Akanitazama shingoni. "Sauti yako ina nguvu bado?"

Mwaka na nusu nimemwita. Mvua, homa, msiba, adhana haijaanza nipo mbele yake. Yasmini! Abee, bibi. Nakaa chini, napumua. Kisha koo likaanza kukwama. Hospitali wakasema uvimbe, tena umekaa pabaya. Sauti ikawa inapungua kama mafuta ya koroboi. Jirani yangu Adila akajaribu kumwita badala yangu, Yasmini hakugeuka hata shingo. Adila akainasa sauti yangu kwenye simu. Yasmini akaisikiliza, akacheka. "Hiyo si bibi."

Ninyi mnaosafiri na biashara zenu, mkiwa wawili, patanani kabla hamjatoka. Mmoja akimtaka mwenzake, amfuate alipo, amshike bega. Asimwite. Na mwenzake asiitike. Adabu mtaifanya mkifika.

Jana adhana haijaanza, nikafungua mdomo.

Pumzi tu.

Nikajaribu tena. Yasmini alikuwa ameshaniangalia, anangoja, mtoto wa adabu. Akangoja sana. Nikapiga meza. Nikamshika mkono.

Ikaja kutoka nje. Sauti yangu. Nzima, ya zamani, ile niliyomlelea.

"Yasmini!"

"Abee, bibi!"

Akasimama. Nikamng'ang'ania khanga kwa mikono miwili. Akanibandua vidole kimoja kimoja, taratibu, kwa heshima zote, kama anavyobanduliwa mgonjwa wa watu.

"Niwie radhi, mama," akaniambia. "Naitwa na bibi."

Watu wametafuta usiku mzima na mchana kutwa, mpaka kule Kiwangwa. Shuaibu amerudi na kandambili moja. Akaiweka mlangoni, akaondoka.

Na leo, jua limeshuka, mlango nimeuacha wazi, harufu ya udi uliomwagiwa maji imejaa ukumbi. Nimesikia nje, karibu kabisa na ukuta...

"Bibi?"

Ni yeye. Mdomo sijauona.

"Bibi?"

Nimeitika. Wallahi nimeitika, kwa nguvu zangu zote.

Haitoki.