Madirisha Ishirini na Matatu

Ulifunga dirisha. Usinikunjie uso, nililisikia. Miaka miwili iliyopita, saa tano asubuhi, Mimmo Scigliano alipoanguka kutoka jukwaa la ujenzi wa hoteli, madirisha ishirini na matatu ya mji wetu wa Roccasilana yalifungwa moja baada ya jingine, pa, pa, pa. Lako lilikuwamo. Basi sikiliza yaliyotokea leo, maana najua leo pia umechungulia pazia na kurudi kwenye supu yako.

Saa moja asubuhi, siku ya sikukuu, Mtakatifu Oronzia hakuwapo kanisani. Sanamu yake ya mbao za mzeituni, kilo mia nne, imetoweka! Mlango haukuvunjwa. Kufuli ilikuwa nzima.

Inspekta Ersilia Cantafora alifika na kahawa yake mkononi. Si mwenyeji wa hapa, ndiyo maana bado anauliza maswali.

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi," alijibu Padri Tarcisio. "Ila jana nilimpa mbebaji mpya wa sanamu. Rosalba, binti wa marehemu Mimmo. Alitimiza miaka kumi na minane juzi."

"Ulimpa wa nini?"

"Aoshe miguu ya mtakatifu kwa divai. Ndiyo desturi. Mbebaji mpya huosha, huomba jambo moja, kesho yake hubeba. Hapo anakuwa mtu mzima."

Padri aliruka kipande. Wabebaji wapya huwekwa mbele, na maandamano yakifika chini ya roshani ya mkandarasi Malvaso, wa mbele hupiga goti ili mtakatifu amwinamie mkandarasi. Ndiyo, mtakatifu amwinamie mkandarasi! Huo ndio utu uzima tunaowafunza watoto wetu: kupiga goti bila kumwaga maua ya mtakatifu.

"Inspekta, hebu njoo," aliita mtaalamu wa alama wa polisi.

Sakafuni, divai iliyokauka ilikuwa imechora nyayo za miguu mitupu, kutoka altareni hadi mlangoni. Mguu wa kulia haukuwa na kidole gumba.

"Nani hapa mjini hana kidole gumba cha kulia?"

Padri alijifuta jasho. "Mtakatifu mwenyewe. Tumembusu miaka mia tatu mpaka kikaisha."

Inspekta aliandika hivyo hivyo. Hakucheka.

Nyayo zilishuka ngazi, zikavuka soko la samaki, zikaishia nyuma ya hoteli ya Malvaso. Mtakatifu alikuwa amesimama juu ya zege, katikati ya vitanda vya wageni vya kuotea jua, macho yameelekea chini. Malvaso naye alikuwa pale na joho lake la kuogea, anafoka.

"Mtoeni! Wageni wananipigia picha!"

Wabebaji kumi na watano walimshika, wakakaza misuli. Wapi!

"Mmekula nini nyie, makapi?"

"Mzito, bosi."

"Mbona mwaka jana alikuwa mwepesi?"

"Labda mwaka jana alikuwa hajakujua," ilisema sauti nyuma. Watu wakacheka, halafu wakaogopa kicheko chao.

Rosalba aliletwa. Mkono mmoja ulishika mto wa bega alioshonewa na mama yake kwa ajili ya kubeba.

"Uliiba sanamu?" Inspekta aliuliza.

"Sikuiba."

"Nani alikusaidia kuibeba?"

"Hakuna aliyeibeba, Mama Inspekta."

"Jana uliomba nini?"

"Wenzangu huomba gari, au kazi kwa Malvaso. Mimi nilimwambia mtakatifu, Mama, mji mzima unasema haukuona. Basi nenda wewe ukaone."

Zege likalia. Ufa ulianzia kwenye kile kidole kisichokuwapo, ukatambaa, ukafunguka kama mkate. Ndani ilionekana kofia ngumu ya ujenzi, ya manjano, imepasuka upande mmoja. Juu yake ilikuwa na nembo ya kampuni ya Malvaso. Kwa ndani, kwa wino: Scigliano M.

Na Malvaso alikuwa ameapa mahakamani kwamba Mimmo hakumfanyia kazi hata siku moja. Kwamba alikuwa mlevi aliyejifia barabarani.

"Kofia hii ilifikaje chini ya zege lako?"

"Sijui. Sikuwapo."

Inspekta alimgeukia Padri. "Dirisha la sakristia, chumba chako cha kuvalia, linatazama hapa."

Padri alikaa kwenye kitanda cha wageni.

"Niliona," alisema. "Mimmo aliomba mkanda wa usalama. Malvaso akamwambia mkanda ni wa waoga. Alipoanguka, yeye na msimamizi wake walimburuta hadi barabarani, wakammwagia divai kifuani. Kofia wakaifukia. Kesho yake wakamwaga zege."

"Na wewe ukanyamaza. Kwa nini?"

"Kanisa lilikuwa linavuja. Aliniahidi paa."

Paa! Mtu na uhai wake kwa vigae!

Rosalba alimsogelea. "Padri, uliniambia nimsamehe baba ulevi wake. Kila Jumapili nilimsamehe."

Aliyejibu ni Malvaso. "Neno la mzee mmoja! Wakili wangu atalitafuna."

Kofia ilipotolewa, watu wanne tu walimnyanyua mtakatifu.

Malvaso yuko kituoni sasa hivi. Jaji anataka mashahidi zaidi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wasipopatikana, Malvaso atarudi kukaa kwenye roshani yake kusubiri kuinamiwa. Maandamano ni jioni hii, na Rosalba atakuwa mbele. Amesema hapigi goti. Na wale kumi na watano walio naye wanamtazama, nao wanatutazama sisi.

Inspekta ameweka karatasi ishirini na mbili mezani kituoni, moja kwa kila dirisha, ukiondoa la Padri. Yangu nimeijaza saa nane, maana mimi pia nilifunga. Zimebaki ishirini na moja.

Ni saa kumi. Acha supu. Shuka ngazi, vuka uwanja, useme ulichokiona, utie sahihi. Si kesho. Nenda!